Nimeamkaje?

Mashine ilikuja bure.
Hilo naliandika kwanza, wasije wakasema sina shukrani.
Ilikuja kwenye boksi, na mkanda wake, na laini yake,
na kijana wa mradi mwenye buti safi
aliyetuonyesha pa kuweka dole gumba
akashika njia ya Tukuyu kabla ukungu haujafunga.

Asubuhi saa kumi na mbili, jioni saa kumi na mbili,
mkanda unamkumbatia mama mkono, unavimba, unalegea,
na namba zinapaa kwenda Mbeya
kwa Nesi Tumpale, ambaye hatujawahi kumwona uso.

Zinapaa, ila si kutoka hapa.
Hapa bondeni, chini ya Rungwe, mtandao hauteremki.
Nakifunga kijisanduku kwenye kanga kama mtoto,
napanda hadi mwisho wa shamba la viazi la Mwasomola,
nakisimamisha juu ya kisiki, nangoja taa iwe kijani.
Mvua ikija nakifunika.
Mimi naloa.

Miezi mitatu laini ililipiwa. Wa nne ikanyamaza.

Ndipo nikanunua daftari:
Bando, elfu mbili kwa wiki.
Kuchaji kwa Kajela umeme ukikatika, mia tano.
Betri nne. Betri nne tena, zile za kwanza feki.
Proboksi ya Mwaijande, usiku wa Jumanne, elfu hamsini,
kwa kuwa simu ililia, "Mapigo yameshuka mno, mleteni,"
tukamleta, tukisukuma gari kwenye tope mara mbili,
kumbe mkanda ulifungwa juu ya sweta.
Daktari alicheka kwa upole.
Mwaijande hakucheka, wala hakupunguza.

Hayo yanaandikika.
Meza yangu ya vitenge Mwanjelwa, niliyomwachia Atuganile
"kwa wiki mbili tu," mwezi wa pili,
hiyo naiweka safu gani?

Mama naye ana hesabu zake:
"Madebe matano ya viazi yamekwenda kunipima.
Mngenipa niyale, ningekuwa nimeshapona."

Nisidanganye. Mwezi wa tano
kile kidude kiliona tusichokiona sisi tuliolala naye chumba kimoja.
Dawa ikabadilishwa. Sasa anafika hadi kisimani, anarudi anatania watu.
Sikitukani. Nakihesabu tu.

Zamani alikuwa akija Syabumi wa zahanati, kwa miguu.
Alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, akatazama shimo likijaa.
Aliuliza chumvi. Aliuliza nani kamuudhi.
Alikunywa chai, vikombe viwili; hiyo ndiyo ilikuwa gharama yake.
Siku hizi hapiti kwetu.
Wamemwambia mgonjwa huyu yuko kwenye mfumo.

Alhamisi mama alikataa.
"Leo sipimwi. Mkono wangu umechoka kuulizwa."
Nami nikaogopa nafasi tupu kule Mbeya,
nikaogopa simu, nikaiogopa Proboksi,
nikajifunga mkanda mwenyewe, gizani, kimya,
nikapanda.

Taa haijakaa sawa, simu ikaita.
"Mama anaendeleaje? Hapa naona mia na themanini na tano
kwa mia na kumi. Kichwa kinamuuma?"
"Kinamgonga."
"Usiku amelala?"
"Hajalala."
"Tangu lini?"
"Tangu mwezi wa pili."

Nesi Tumpale akakaa kimya. Nikasikia kalamu yake.
"Basi mpumzisheni. Asibebe kitu, asipande mlima kabisa.
Hapo nyumbani kuna mtu wa kumsaidia?"

Chini, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwetu.
Mama alikuwa uani na beseni, anamenya viazi,
maganda membamba, marefu, yasiyokatika.
"Yupo," nikasema. "Mmoja."
Nilitaka kuongeza neno. Salio likaisha.

Nikashuka nikishika migomba.
Mama hakuinua kichwa.
"Haya, niambie," akasema, "nimeamkaje leo?"
"Mzima, mama."
Akanitazama, kisha akautazama mkono wangu,
pale mkanda ulipoacha alama.
Akausogeza mguu wake, nipate pa kukaa.